Nisea haikumaliza ugomvi

Mwaka 2025 Wakristo wa madhehebu mbalimbali waliadhimisha miaka 1700 tangu maaskofu wakutane Nisea, mji ambao leo unaitwa İznik, nchini Uturuki. Hadithi ya mkutano ule husimuliwa kwa wepesi: padri mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ameumbwa, maaskofu wakakusanyika, wakajadili, wakatoa tamko, uzushi ukashindwa na imani ikaandikwa. Inampendeza kila anayeamini kwamba mgogoro wa dini huisha pale wakubwa wanapotia saini. Mambo hayakwenda hivyo. Baada ya Nisea ugomvi uleule uliwaka kwa miaka mingine 56, ukawang'oa maaskofu kwenye majimbo yao, ukaigawa miji, na kuna wakati ambapo walioshindwa mwaka 325 ndio walioshika viti vikubwa vya mashariki. Siidharau Nisea, ambayo imani yake ingali inakiriwa makanisani kila Jumapili. Ninachosema ni kwamba tofauti za mafundisho katika Kanisa la karne za kwanza hazikumalizwa na matamko. Zile zilizomalizika zilimalizwa na watu waliokubali kazi ya kuchosha ya kumuuliza mpinzani anamaanisha nini, na walioifanya kazi hiyo wakiwa bado wanamhesabu kuwa ndugu.

Tuitazame Nisea yenyewe. Ugomvi ulianza Aleksandria mnamo mwaka 318, na Kaisari Konstantino aliposikia habari zake aliwaandikia Askofu Aleksanda na padri wake Ario barua moja kwa pamoja, ikapelekwa na Askofu Osio wa Kordoba. Aliwaambia kwamba wanagombania jambo dogo, hivyo wanyamaze wapatane. Hiyo ni siasa ya funika kombe mwanaharamu apite, na haikufua dafu. Ndipo alipowaita maaskofu Nisea, akagharimia safari zao, akaketi nao kikaoni, na mwishowe ikatoka kanuni ya imani yenye neno zito la Kigiriki lililosema kwamba Mwana ni wa dhati moja na Baba. Karibu wote walitia saini. Maaskofu wawili wa Libya, Sekundo na Theona, walikataa na kupelekwa uhamishoni pamoja na Ario. Lakini saini ni kitu kimoja na maafikiano ni kitu kingine. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria mkubwa wa Kanisa wa zama zile, alilazimika kuwaandikia waumini wake kuwaeleza kwa nini amelikubali neno lile na kwa maana ipi, na maana aliyowapa haikuwa ile waliyokuwa nayo waliolipigania. Eusebio mwingine, wa Nikomedia, rafiki wa Ario, alifukuzwa muda mfupi baada ya mkutano, akarudishwa, akapanda cheo mbele ya Kaisari, na mwaka 337 ndiye aliyembatiza Konstantino kitandani kwake akikaribia kufa. Kwa upande wa pili Athanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria kuanzia mwaka 328 na mtetezi mkuu wa Nisea, alifukuzwa mara tano na watawala wanne tofauti. Katika miaka yake 45 ya uaskofu, takriban 17 aliipitisha uhamishoni au mafichoni.

Konstansio, mwana wa Konstantino, alijaribu dawa ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Aliitisha mkutano baada ya mkutano kutafuta kanuni ambayo kila mtu angeisaini, hata mwanahistoria Ammianus Marcellinus, ambaye hakuwa Mkristo, akaandika kwa kebehi kwamba maaskofu waliokuwa wakikimbilia mitaguso walikuwa wanauchosha usafiri wa serikali. Mwaka 359 maaskofu zaidi ya 400 wa magharibi walikusanywa Rimini, Italia. Wengi wao walifika wakiwa na nia ya kuilinda Nisea, wakazuiliwa huko miezi kadhaa, na mwisho wakasaini maneno wasiyoyataka ili waruhusiwe kwenda makwao. Mkono wa Kaisari ulinyoshwa hadi Afrika yetu ya mashariki: mnamo mwaka 356 aliwaandikia Ezana na nduguye Sazana, watawala wa Aksum, akitaka Askofu Frumensi, ambaye aliwekwa wakfu na Athanasi, apelekwe Misri akahojiwe na askofu mpya aliyesimikwa na serikali. Barua hiyo imehifadhiwa katika maandishi ya Athanasi mwenyewe. Kanisa la Ethiopia linamheshimu Frumensi hadi leo kwa jina la Abba Salama, na imani iliyodumu huko ni ya Nisea. Kwa ufupi, baada ya zaidi ya miaka 30 ya matamko, kila kambi ilikuwa na rundo la karatasi zilizosainiwa na hakuna aliyekuwa amemshawishi mwenzake.

Kilichobadilisha hali kilitokea Aleksandria mwaka 362, katika mkutano ambao hauna sikukuu wala maadhimisho. Julian, mtawala mpya aliyeuacha Ukristo, aliwaruhusu maaskofu wote waliofukuzwa warudi. Ammianus anasema alifanya hivyo akijua kwamba wakipewa uhuru watararuana wenyewe kwa wenyewe. Athanasi alirudi mjini mwezi Februari, na miezi michache baadaye akaketi na maaskofu wapatao 20. Mbele yao kulikuwa na makundi mawili kutoka Antiokia, yote yakijiita ya imani ya kweli na kila moja likilishuku jingine. Kundi moja lilisema katika Mungu kuna hipostasi tatu, jingine likasema ni moja tu. Waliosikia "tatu" walidhani wanahubiriwa miungu watatu, au Ario anarudi kupitia mlango wa uani. Waliosikia "moja" walidhani wanarejeshwa kwa Sabelio, ambaye kwake Baba, Mwana na Roho ni majina matatu tu ya mmoja yuleyule. Ingekuwa rahisi kupiga kura, na Athanasi angeshinda, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wamezoea kusema "moja".

Hawakupiga kura. Barua waliyowaandikia Waantiokia baada ya mkutano inasimulia walichofanya, nayo ni kati ya nyaraka ninazoziona za thamani kubwa katika historia nzima ya mabishano ya dini. Waliliita kundi la kwanza wakaliuliza: mnaposema tatu, mnamaanisha vitu vitatu vilivyotengana, kila kimoja na asili yake ngeni kwa vingine? La, wakajibu, tunasema tatu kwa kuwa tunaamini Utatu wa kweli, usio wa majina tu, na tunakiri Uungu mmoja. Kisha wakaligeukia kundi la pili: mnaposema moja, mnamfuta Mwana na kumfuta Roho, kama Sabelio? La, wakajibu hao nao. Kwetu neno hilo ni sawa na dhati, na dhati ya Baba na Mwana ni moja. Kila kundi likakiri kwamba jibu la mwenzake linakubalika. Mkutano haukuwalazimisha waache misamiati yao. Uliwaomba waridhike na imani ya Nisea, waukatae uzushi wa Ario, na wasimwite Roho Mtakatifu kiumbe. Nje ya hayo, wasitafutiane makosa katika maneno. Swali moja lililoulizwa kwa adabu na kusubiriwa jibu lake lilizaa kile ambacho Rimini, pamoja na maaskofu wake 400, haikuweza kukizaa.

Aleksandria haikuwa ngeni katika mwenendo huo. Miaka mia moja hivi kabla, askofu wake Dionisi alikabiliwa na mgogoro katika wilaya ya Arsinoe, Fayum ya leo. Askofu wa huko aitwaye Nepo, ambaye kwa wakati huo alikuwa amefariki, aliacha kitabu kilichofundisha kwamba Kristo atatawala hapahapa duniani miaka elfu moja, kwa raha za mwili. Kitabu kile kilipendwa sana vijijini, hata makanisa mazima yakajitenga. Dionisi angeweza kuandika waraka wa laana akiwa mjini. Badala yake alikwenda huko, akawakusanya wazee na walimu wa vijiji, akaketi nao siku tatu mfululizo kuanzia alfajiri hadi jioni, wakikipitia kitabu kile. Yeye mwenyewe amesimulia, katika maandishi yaliyonukuliwa na Eusebio wa Kaisaria, jinsi walivyouliza maswali kwa zamu, jinsi walivyokubaliana mapema kwamba hakuna atakayeng'ang'ania jambo kwa sababu tu alilisema zamani, na jinsi walivyoona si aibu kubadili mawazo pale hoja ilipowataka wabadili. Alianza kwa kumsifu marehemu Nepo kwa imani yake, kwa bidii yake katika Maandiko na kwa nyimbo zake ambazo waumini walikuwa bado wanaziimba. Mwishoni Korakio, aliyekuwa kiongozi wa mafundisho yale, alisema mbele ya wote kwamba ameridhika na hatayafundisha tena. Huyu hakushindwa na kura. Alijadiliana siku tatu na mtu aliyemheshimu marehemu mwalimu wake, na nadhani heshima ile ilifanya kazi sawa na hoja zenyewe.

Msomaji makini atauliza kama hapa simsifu mtu kwa lilelile ninalomlaumu Konstantino, yaani kufunika kombe. Tofauti ni kubwa. Konstantino aliwataka watu wanyamaze bila kujua wanagombania nini. Dionisi na Athanasi waliwataka waseme mpaka mwisho. Mwaka 359, akiwa mafichoni, Athanasi aliandika kitabu kuhusu mitaguso, na ndani yake akawagusa maaskofu kama Basili wa Ankira, waliokiri karibu kila alichokikiri yeye lakini wakaliogopa lile neno la "dhati moja". Akasema hao si wa kutendewa kama maadui. Ni ndugu wanaojadiliana na ndugu, wenye nia ileile, wanaobishania neno tu. Na hakulionea haya tatizo lililokuwa zito kweli: neno hilohilo lilikuwa limekataliwa na maaskofu waliokutana Antiokia mwaka 268, walipokuwa wakimhukumu askofu wa mji huo, Paulo wa Samosata. Wapinzani wa Nisea walilipiga hilo kama turufu. Jibu la Athanasi lilikuwa kwamba mababa wa 268 walilikataa neno kwa maana aliyolitumia Paulo, na wale wa 325 walilikubali kwa maana nyingine, hivyo si halali kuwagombanisha mababa wakati hawakuwa wakijibu swali moja. Anayefunika kombe hawezi kutoa jibu kama hilo, maana hajui kilichomo ndani.

Pingamizi la pili ni kwamba njia hii hufaa pale ambapo watu kumbe wanakubaliana na maneno ndiyo yaliyowapotosha. Vipi pale wanapotofautiana kweli? Mfano bora ni Sipriani wa Karthago na Stefano wa Roma, katika miaka ya 255 hadi 257. Swali lilikuwa hili: mtu aliyebatizwa na kundi lililojitenga, kama wafuasi wa Novasiani, akitaka kuingia katika Kanisa Katoliki, abatizwe upya au awekewe mikono tu? Roma ilisema awekewe mikono. Karthago ikasema nje ya Kanisa hakuna ubatizo, kwa hiyo hakuna cha kurudia. Ndiyo kwanza anabatizwa. Hapa hakukuwa na kutoelewana kwa lugha. Kila upande ulimwelewa mwenzake vizuri sana na ukamwona amekosea. Stefano alikasirika kiasi cha kukataa kuupokea ujumbe wa maaskofu wa Afrika na kuwakataza waumini wa Roma wasiwape hata malazi, kwa mujibu wa barua ya Firmiliani, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, ambaye naye hakumbakizia Stefano neno. Sipriani mwenyewe hakuwa mpole kalamuni. Lakini tarehe 1 Septemba 256, alipofungua mtaguso wa maaskofu 87 wa Afrika, alitangaza kwamba kila mmoja atasema anachoamini na hakuna atakayehukumiwa wala kutengwa kwa kuwa na mawazo tofauti. Maaskofu wote walikubaliana naye, na bado hakuutumia wingi ule kukata ushirika na Roma. Dionisi, yuleyule wa Arsinoe, aliandika barua Roma akisihi mambo yasifikishwe mwisho. Stefano akafa mwaka 257, Sipriani akakatwa kichwa kwa ajili ya imani tarehe 14 Septemba 258, na swali likabaki bila jibu la pamoja.

Likabaki wazi zaidi ya miaka 50, na dunia haikuanguka. Mwaka 314 mtaguso wa Arles uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu asibatizwe tena. Kwa maneno mengine, msimamo wa Stefano ulishinda. Hata hivyo, Augustino alipokuja kuandika juu ya ubatizo mnamo mwaka 400, mtu aliyemtukuza ni Sipriani. Hoja yake ilikuwa kwamba Sipriani alikosea katika fundisho lakini akabaki katika umoja, na kwa hiyo kosa lake liliweza kusahihishwa na waliokuja baada yake. Nikipima pande mbili zile, naona Roma ilikuwa na jibu sahihi na Karthago ilikuwa na mwenendo sahihi. Jibu la Stefano lilihitaji mwenendo wa Sipriani ili liwe la wote, kwa sababu Kanisa lililokwisha kupasuliwa vipande viwili lisingekuwa na mahali pa kufundishana. Kwa hiyo hata pale tofauti ni ya kweli, kilichookoa ni kuacha nafasi ya kuendelea kuzungumza.

Pingamizi la tatu ni la wenye msimamo mkali, na nina heshima nalo: kuna mafundisho yasiyoweza kusubiri miaka 50. Ni kweli. Marsioni alipofika Roma akifundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu, Kanisa la Roma lilimtoa mwaka 144 na kumrudishia hata fedha alizotoa, sesta 200,000. Sioni ambavyo wangeweza kufanya vinginevyo na wakabaki na Maandiko yao. Lakini mtazame Irenei wa Lyon, ambaye huitwa shahidi wa kwanza na wapenda kufukuza. Ni kweli aliandika vitabu vitano dhidi ya uzushi. Na katika kile cha kwanza alitumia kurasa nyingi ajabu akieleza, hatua kwa hatua, kile ambacho wafuasi wa Valentino walifundisha, baada ya kusoma maandishi yao na kuzungumza na baadhi yao. Alisema wazi kwamba huwezi kutibu ugonjwa usioujua. Mtu huyuhuyu, mnamo mwaka 190, Askofu Vikta wa Roma alipotaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa kuwa yaliadhimisha Pasaka tarehe 14 ya mwezi wa Kiyahudi wa Nisani badala ya kungoja Jumapili, alimwandikia akimkemea. Akamkumbusha kwamba Polikarpo wa Smirna alipofika Roma enzi za Askofu Aniseti, walibishania jambo hilihili, hakuna aliyemshawishi mwenzake, na bado Aniseti alimpisha mgeni wake aongoze Ekaristi, wakaagana kwa amani. Irenei hakuwa mpole wala mkali kwa tabia. Alikuwa amejifunza kila fundisho kiasi cha kujua lipi linabomoa nyumba na lipi ni tofauti ya desturi, na ujuzi huo hauji bila kuuliza.

Linabaki pingamizi gumu kuliko yote, lile la upanga. Kuna wanaosema: acha maneno mazuri, Nisea ilishinda kwa sababu mwaka 380 Kaisari Theodosio alitoa amri kwamba raia wote washike imani ya Roma na Aleksandria, akamtoa askofu wa Kiario Konstantinopoli, na mwaka uliofuata mtaguso ukafunga kazi. Siwezi kukana kwamba Theodosio alihamisha majengo kutoka mikono hii kwenda ile. Watawala walikuwa wanaombwa kufanya hivyo hata kabla ya kuwa Wakristo: mnamo mwaka 272 waumini wa Antiokia walimwendea Kaisari Aurelian, aliyeabudu Jua, awaamulie nyumba ya kanisa ni ya nani baada ya Paulo wa Samosata kukataa kuondoka. Wanaofikishana mahakamani leo kwa kugombania kiwanja cha kanisa wana mababu wa kale. Lakini Konstansio naye alikuwa na upanga, tena kwa miaka mingi zaidi, na kanuni zake zote zimesahauliwa. Kilichokuwepo mwaka 381 na kisichokuwepo mwaka 359 ni maafikiano yaliyokwisha kujengwa. Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na barua ya Aleksandria, na palikuwa na Basili wa Kaisaria, aliyetumia miaka ya 370 akiandikia makanisa yaliyogawanyika, akishauri kwamba wanaorudi wasidaiwe zaidi ya imani ya Nisea na kukubali kwamba Roho Mtakatifu si kiumbe. Alipoandika kitabu chake juu ya Roho mnamo mwaka 375, alithibitisha heshima yote ya Uungu kwa Roho huku akijizuia kutumia tamko la moja kwa moja kwamba Roho ni Mungu. Wapo waliomwita mwoga. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo alimtetea. Kanuni ya mwaka 381 ilifuata nyayo zake: inamwita Roho Bwana na mleta uzima, anayeabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, bila kutamka moja kwa moja kwamba Roho ni Mungu.

Penye upanga bila maafikiano tunao mfano wa Wadonati, kundi lililojitenga na Kanisa huko Afrika Kaskazini. Konstantino aliwapiga, akachoka, akawaacha mwaka 321. Mwaka 411 maaskofu takriban 280 kwa kila upande walikutana Karthago, hukumu ikatoka, na mwaka uliofuata sheria ikawawekea faini. Augustino, ambaye mwanzoni alipinga kulazimisha watu, alibadili mawazo kwa sababu, alisema, aliona mji wake wa kuzaliwa ukirudi katika umoja kwa hofu ya sheria. Ni ushahidi mzito kutoka kwa mtu mzito. Lakini mwishoni mwa karne ya sita, yaani miaka karibu 180 baada ya hukumu ile, Papa Gregori Mkuu alikuwa bado anaandika barua kulalamikia Wadonati wa Numidia. Hofu iliwajaza makanisani, haikuwageuza.

Isidhaniwe kwamba natafuta malaika katika karne ya nne. Athanasi aliyeuliza maswali yale mwaka 362 ni yuleyule ambaye watu wake, kwa mujibu wa barua ya mafunjo iliyoandikwa na mpinzani wake mmoja mnamo mwaka 335, waliwapiga na kuwafunga wafuasi wa Meletio, kundi lililokuwa limejitenga huko Misri. Labda ilimchukua miaka 27 na uhamisho kadhaa kujifunza njia nyingine. Hata barua yake nzuri haikuiponya Antiokia yenyewe: kabla haijafika, Lusiferi wa Kaliari, mtetezi wa Nisea asiye na subira, alikuwa amekwisha kumweka wakfu Paulino kuwa askofu wa kundi moja, na kuanzia hapo suala likageuka kuwa nani ni askofu halali. Farakano hilo liliendelea hadi karne ya tano kati ya watu wenye imani moja. Naliona kuwa uthibitisho zaidi wa hoja yangu kuliko dosari yake. Kiti kikishapata watu wawili, maswali ya maana hayaulizwi tena, kwa kuwa kila jibu lina mwenye kulipoteza.

Hata mkutano wa Yerusalemu wa mnamo mwaka 49, ambao kila mtetezi wa matamko huanza nao, ukisomwa pole pole katika Matendo ya Mitume una sura nyingine. Petro, Barnaba na Paulo walisimulia kwanza walichokiona kwa watu wa mataifa, na Yakobo akahitimisha baada ya kusikiliza. Barua iliyotoka ilipelekwa na watu wawili, Yuda na Sila, ili waieleze kwa mdomo. Na kati ya mambo manne iliyowakataza waumini wapya, lile la vyakula vilivyotolewa kwa sanamu Paulo alilijadili upya na Wakorintho kwa sura tatu nzima, akilipima kwa dhamiri ya jirani.

Kisa cha mwisho kinaonyesha gharama ya kuacha kuuliza. Mwaka 431, huko Efeso, Kirilo wa Aleksandria alifungua mtaguso bila kumsubiri Yohane wa Antiokia aliyekuwa njiani, na wote wawili wakaishia kutengana. Miaka miwili baadaye, kwa barua na wajumbe, waliafikiana juu ya maneno: Kirilo akakubali lugha ya asili mbili katika Kristo kama Waantiokia walivyoieleza, Yohane akakubali jina la Mama wa Mungu na kuhukumiwa kwa Nestorio, askofu wa Konstantinopoli aliyelipinga jina hilo. Wenye msimamo mkali wa pande zote mbili waliwashutumu kwa kusaliti. Mwaka 451, Kalkedonia, kazi hiyo haikuendelezwa. Dioskoro, mrithi wa Kirilo, aliondolewa, na Anatolio wa Konstantinopoli akasema kikaoni palepale kwamba hakuondolewa kwa ajili ya imani yake. Sababu ilikuwa utovu wake wa nidhamu, pamoja na kukataa kuitikia wito mara tatu. Askofu aliyewekwa mahali pake aliuawa na umati wa watu mwaka 457. Wakopti, na pamoja nao Kanisa la Ethiopia, wakabaki upande mmoja; Roma na Konstantinopoli upande mwingine. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia saini huko Vatikani maneno ya pamoja kuhusu Kristo, Mungu kamili na mwanadamu kamili, bila mchanganyiko wala mtengano. Kazi iliyozaa maneno hayo ilikuwa ileile ya mwaka 362: wanateolojia wa pande mbili waliulizana kila mmoja anamaanisha nini anaposema "asili". Ilikuwa imepita miaka 1522 tangu Dioskoro na wajumbe wa Roma waketi katika kanisa moja huko Kalkedonia, umbali wa hatua chache, na hakuna aliyemuuliza mwenzake swali hilo.